Naomba ushauri: Kibaha au Kigamboni kwa familia yenye watoto wadogo?
Habari zenu wakuu. Mimi na mke wangu tunataka kuhama Sinza tukajenge mahali watoto wapate uwanja wa kuchezea. Kibaha naipendea viwanja vikubwa na hospitali ya Tumbi kuwa jirani, ila kazi yangu iko Kariakoo na foleni ya Barabara ya Morogoro asubuhi mnaijua. Kigamboni ni karibu, lakini kuna kivuko au tozo ya daraja, na visima vingine vya kule maji yana chumvi.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni shule. Sitaki mtoto wa miaka sita aamshwe saa kumi alfajiri kusubiri basi. Mnaolea watoto huko, ni mtaa gani una shule ya msingi nzuri ya kwenda kwa miguu? Na viwanja vyake vimepimwa?