Kujifunza historia kupitia wasifu: nianze na nani?

Muulizaji, Iringa: Ndugu zangu, nimekusudia kusoma wasifu wa mtu mmoja kila mwezi ili niijue historia. Nianze na nani?

Jibu: Anza na Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwani ushindi wake dhidi ya Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894 na kifo chake mwaka 1898 vitakufungulia historia ya nyanda zetu, kisha nenda Kalenga ukalione fuvu lake lililorejeshwa mwaka 1954.

Jibu: Naunga mkono, ila usimsome peke yake. Akina Merere, watawala wa Usangu, walishirikiana na Wajerumani dhidi ya Wahehe, na bila upande wao vita ile haieleweki.

Jibu: Wanawake pia, tafadhali! Shaaban Robert aliandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar.