Mrejesho: Kale kadudu ka rangi nilikokaona Mafia

Wakuu, salaam kutoka Uyole, Mbeya, baridi huku si mchezo. Niliuliza kuhusu kadudu keusi kenye matuta ya buluu na vinundu vya njano nilikokaona nikipiga mbizi kisiwani Mafia. Jibu limepatikana: ni konokono wa bahari asiye na gamba, Phyllidia varicosa. Mliosema nitazame ile picha ambayo amejipinda kwenye ukingo wa tumbawe, chini yake kukaonekana, mbarikiwe: kwenye wayo (upande wa chini anaotambalia) kuna mstari mweusi, na ndugu yake Phyllidia coelestis hana. Aliyesema jongoo bahari, hapana mkuu, jongoo bahari si konokono, ni ukoo wa kiti cha pweza (yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota). Huyu wangu hula sponji (wanyama wa bahari wanaokaa wamejishika kwenye miamba), na ute wake una sumu ya kuua samaki. Kwa hiyo uliyeuliza kama anafugika kwenye tangi la samaki, usithubutu.