Mtoto aliyeumia uti wa mgongo: haya mazoezi ya tredmili yanasaidia kweli?

mama_wawili: Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka mitano, aliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya gari, kuanzia kifuani kushuka chini hana nguvu. Mazoezi yake mpaka leo ni kunyooshwa miguu, kufundishwa wilchea na kuvaa koseti ya mgongo, basi. Sasa nimesoma kuna watoto wananing'inizwa na mikanda juu ya tredmili, ile mashine ya kutembelea papo hapo, halafu wanatembezwa, nikamuuliza fizio wetu (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akanijibu kwa mkato eti uti ukishaumia umeumia. Kuna anayeijua hii kitu? Au najipa moyo bure?

fizio_wa_watoto: Pole sana mama. Kwa watoto waliolifanyia kazi sana hili ni Andrea Behrman na wenzake, Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani. Wazo lilianzia kwa paka, watafiti walimkata uti kabisa lakini akifanyishwa mazoezi miguu ya nyuma inapiga hatua kwenye tredmili, yaani chini ya jeraha kuna neva zinazoweza kuendesha hatua zenyewe bila amri ya ubongo, ilimradi zipate uzito kwenye nyayo na nyonga inyooke vizuri. 2008 wakachapisha habari za mtoto aliyeumia shingoni, hatembei, baada ya mazoezi akatembea na kiegemeo cha magurudumu. Cha ajabu ukimlaza ukamwambia sogeza mguu, hakuna kilichoongezeka! Ila uti wake haukuwa umeharibika wote, hilo ushike.

babaT: Wa kwangu alipitia mazoezi ya aina hiyo. Hatembei, nisikudanganye. Ila zamani tukimkalisha anaanguka kama gunia, sasa anakaa mwenyewe anachora kwa mikono yote miwili na hata kikohozi chake kina nguvu. Nyie wote mnauliza miguu tu, kiwiliwili hamkiulizi, na hapo ndipo sisi tuliona tofauti.

mbishi_kidogo: Sawa ila tuwe wakweli, tafiti nyingi za hawa watoto ni za watu wachache mno na mara nyingi hakuna kundi la kulinganisha, unajuaje kilicholetwa na mazoezi na kilicholetwa na kukua? Na koseti usiitupe mama. Mtoto akiumia kabla hajarefuka karibu wote mgongo unapinda, wengine mpaka operesheni, na nyonga nazo huchomoka. Halafu wakikwambia jeraha ni kamili, yaani hakuna ujumbe unaopita tena kwenye uti, uliza walipimaje, kile kipimo cha kugusa na kuchoma kwa pini kwa mtoto chini ya miaka sita hakiaminiki sana, anajibu kukufurahisha au analia tu.

mama_wawili: Asanteni jamani, baba T umenitoa machozi. Je nikinunua tredmili tufanye nyumbani na baba yake?

fizio_wa_watoto: Hapana mama, usijaribu. Pale panahitaji mtu kwa kila mguu na mwingine wa kushika kiwiliwili, wote wamefundishwa. Mifupa ya miguu isiyobeba uzito inakuwa dhaifu, inaweza kuvunjika na mtoto asihisi kitu, utaona tu uvimbe na joto. Omba kwanza nyonga na mifupa vipigwe picha. Cha kufanya nyumbani mkalishe bila kumwegemeza kote, umshike chini kidogo ya pale anapoweza kujizuia, acheze hivyo.

babaT: Na awe ameshawekewa katheta (mrija wa kutoa mkojo) kabla hamjaanza, akibanwa mkojo hakuna mazoezi hapo.