Nyie mnaokanyaga mafuta mkiona mwenzenu anaingia barabarani, mtatuua!

Wakuu, nina siku mbili najizuia nisiandike hapa, nimeshindwa.

Jumapili tulitoka kuzika Mlandizi. Kwenye gari tulikuwa mimi, mke wangu, mtoto wetu wa miaka minne, na mama mkwe ambaye siku hiyo ndiyo alikuwa amemzika mdogo wake wa mwisho. Tulipofika Kiluvya nikaingia kituo cha mafuta, nikaweka, nikasogea pale pa kutokea nirudi Barabara ya Morogoro kuelekea mjini Dar es Salaam. Ilikuwa saa mbili kasoro usiku. Indiketa ya kulia inawaka, nikasubiri wapite wote waliokuwa karibu. Likaja pengo. Gari lililofuata lilikuwa mbali, na njia za kulia kwake zilikuwa tupu kabisa. Nikaingia, nikakanyaga mafuta. Kigari kidogo cha IST chenye watu wazima watatu na mtoto hakiruki, lakini nilikuwa nimeshafika 60 na bado naongeza.

Jamaa wa nyuma aliona indiketa, akaona gari linaingia, na yeye AKAONGEZA MWENDO. Msiniambie hakuniona. Aliwasha taa kali akaziacha hapohapo mgongoni kwangu, na honi haikatiki. Angeweza kuhamia kulia tangu mwanzo, hakuna aliyemzuia. Akaja mpaka taa zake zikajaa kioo changu chote, ndipo akachomoka, akanipita, akarudi mbele yangu na kushika breki. Alitaka kunikomoa tu, hakukuwa na sababu nyingine yoyote.

Na mimi nikashika breki, ningefanya nini? Nyuma yangu linakuja lori la kontena.

Wakuu, lori la aina ile likiwa na mzigo ni makumi ya tani. Halisimami kama gari dogo linavyosimama. Nilisikia honi yake, nikasikia breki za upepo, mke wangu akapiga kelele, halafu ukuta mzima wa kontena ukapita ubavuni kwangu na gari letu likayumba. Dereva wa lori ndiye aliyetuokoa. Alikata kulia, na Mungu akajalia kulia kwake hapakuwa na mtu. Kaka yangu uliyekuwa na lori lile, sikujui, lakini kila nikisali nakutaja.

Nilikwenda kusimama Kibamba, miguu haina nguvu. Mama mkwe hakusema neno. Aliomba maji tu, akashindwa kufungua chupa.

Sasa najua watakuja wajuaji hapa: "Aliye barabara kuu ndiye mwenye haki, anayeingia asubiri." Ni kweli, na nilisubiri. Nikikuingilia puani nikakulazimisha ushike breki, kosa ni langu, nilaani. Lakini pengo lilikuwepo, na wewe ndiye uliyelifuta baada ya mimi kuingia. Haki ya kupita hujapewa ili umfundishe mtu adabu kwa chuma cha tani mbili.

Tupige hesabu kidogo, maana naona wengi wanadhani hili ni suala la ustaarabu tu. Gari la mwendo wa 80 linakwenda mita 22 kwa sekunde. Ukiinamia simu sekunde mbili umeshapita mita 44 bila kuona kitu. Sasa mimi nikiingia na 30 mbele yako wewe uliye na 80, tofauti yetu ni mita 14 kila sekunde. Kama ulikuwa mita 70 nyuma yangu, ndani ya sekunde tano umenifikia. Ndiyo maana anayeingia anatakiwa aongeze mwendo mpaka ulingane na wa walio barabarani, na ndiyo maana aliye barabarani akimwona anatakiwa aache kuongeza, au ahamie kulia kama kuna nafasi. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja akigoma, hesabu inavunjika, na hizo sekunde tano hazitoshi hata kumwita Mungu.

Na sisi tunaoingia tusijifanye malaika. Pale Ubungo kwenye madaraja ya Kijazi, ukitoka Barabara ya Mandela unakunja kushoto kwenda Kimara, mtu anafika mwisho wa kona anasimama kabisa, gari zima, anageuza shingo kuangalia nyuma kama anasubiri kuitwa. Walio nyuma yake walishaanza kuongeza mwendo. Mwingine anaingia na 20, indiketa hajawasha, kioo hajaangalia, halafu anashangaa anapigiwa honi. Kama unaogopa, ngoja pale mwanzo ambapo bado unaona vizuri, usiende kusimamia ncha ya njia.

Daladala ndiyo wanafunga kazi kabisa. Abiria wa mwisho bado ana mguu mmoja nje, konda anapiga bodi, gari linatoka kituoni na kukata moja kwa moja mpaka njia ya pili. Kwa konda, mkono wake dirishani ndiyo indiketa. Abiria nao wamekaa kimya humo ndani, kana kwamba bega litakalovunjika ni la dereva peke yake! Bodaboda wanaorudi kinyume pembeni usiku bila taa sitawamaliza leo, ila mjue kwamba wewe unayeingia unaangalia kulia magari yanakotoka, na yeye anakuja kutoka kushoto, upande ambao huna sababu ya kuutazama.

Halafu kuna watu wanachanganya kuingia na kuchomekea. Aliyetanua pembeni akaruka foleni nzima halafu anakuja kuchomekea mbele yako, huyo hata mimi ananiuma. Lakini aliyefuata njia yake mpaka ikaisha hajakuibia kitu. Mpishe aingie mmoja, upite, wa nyuma yako naye ampishe mmoja. Barabara inapobana hakuna namna nyingine ya watu kwenda. Badala yake tunabanana bampa kwa bampa, sentimita kumi, mtu anaangalia mbele tu kwa makusudi ili macho yake yasikutane na ya mwenzake.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba kosa hili halina wa kulikamata. Ukipita na 58 kwenye 50 unapigwa tochi, kile kipima mwendo cha polisi, unalipa faini, sawa, mwendo unaua. Ila tochi haiwezi kuona mtu aliyeongeza kutoka 70 hadi 90 ili tu kuziba pengo la mwenzake. Na hatufundishwi. Mimi nilipojifunza udereva nilifundishwa kurudi nyuma, kuondoka kwenye kilima, kusoma alama. Hakuna siku hata moja niliyopelekwa kwenye barabara ya kasi nikaambiwa: haya, ingia, angalia kioo, geuza kichwa uone pale kioo kisipofika, linganisha mwendo, sasa. Nilijifunza mwenyewe nikiwa na leseni mfukoni na watu ndani ya gari. Na hii barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa njia nane, tumeifurahia wote, lakini watu tumeletewa barabara ya kasi tukabaki na udereva wa foleni.

Wewe mwenye gari kubwa jeupe la Jumapili, namba yako ninayo na siiweki hapa. Nataka ujue tu kwamba nyuma kwenye gari letu kulikuwa na mtoto amelala, na siku hizi mbili kila nikiwasha gari ananiuliza, "Baba, lile lori lipo?"

Wadau wa njia hii, tajeni na nyie sehemu mnazoingilia kwa roho mkononi. Nataka niziandike zote kwenye barua moja niipeleke mwenyewe kwa mkono kwa wahusika. Naanza na zangu: kutoka Mandela kwenda Kimara pale Ubungo, na vituo vyote vya mafuta kati ya Kiluvya na Kibamba.