Poda, pete au pesti kwa ngozi ya stoma: ninunue ipi?

Mkunazi: Wadau, mfuko wa choo wa mgonjwa wetu unavuja kila siku, ngozi kuzunguka stoma (tundu la tumboni la kutolea choo) imekuwa nyekundu. Hela inatosha kitu kimoja tu. Nichukue kipi?

Bi Kidawa: Hujasema ni utumbo mwembamba au mpana uliotolewa nje. Ana wiki ngapi tangu apasuliwe? Tundu la kibandiko kinachoshikisha mfuko mnakata milimita ngapi?

Mkunazi: Mwembamba, wiki ya sita. Tunakata 35 kama tulivyoonyeshwa wodini. Ngozi inatoa majimaji.

Fundi Mfuko: Poda ya stoma basi. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa, nyunyiza palipochubuka, kisha pangusa yote iliyozidi. Ikibaki nene kibandiko hakishiki.

Bi Kidawa: Kaka, usikimbilie dukani. Uvimbe wa upasuaji hupungua kwa wiki sita hadi nane na stoma husinyaa. Tundu mmeliacha lilelile, kwa hiyo pana ngozi iliyo wazi inayoloweshwa na choo chenye vimeng'enya, na vimeng'enya havichagui kati ya chakula na ngozi. Pima upya, acha nafasi ya milimita 2 tu.

Shangazi wa Pongwe: Mimi nachagua pete, ile laini ya kuziba kuzunguka stoma. Ipashe moto viganjani, ivute mpaka ikumbatie stoma. Pesti nyingi zina spiriti, kwenye mchubuko ni pilipili.

Fundi Mfuko: Pesti ni ya kujaza mabonde ya ngozi, siyo gundi. Lakini balaa lenyewe ni mafuta ya zinki ya watoto. Yanatuliza kidogo, kisha kibandiko kinateleza na choo kinapenya chini kwa chini. Nje hakionekani kitu. Watu wanaongeza plasta juu, choo kinafungiwa humohumo, wakija kubandua ni kidonda kibichi. Akisikia inachoma, bandueni saa hiyohiyo.

Mkunazi: Nimepima: 28! Ila choo ni maji matupu.

Shangazi wa Pongwe: Mpe wali, ugali, ndizi mbivu, choo kitakuwa kizito. Mfuko umwagwe ukifika theluthi, uzito unabandua.

Bi Kidawa: Pimeni choo kwa jagi. Kikizidi lita 1.5 kwa siku arudi hospitali, atakaukiwa maji. Na nazi ya kutafuna asiguse, inaziba.

Fundi Mfuko: Wali wa nazi je?

Bi Kidawa: Tui likichujwa halina makapi. Mahindi ya kuchoma ndiyo usinitajie.