Ofa ya pembeni inaingia wapi kwenye hesabu ya Nash?

mchumi_chipukizi: Wakuu, naomba msaada. Mwenye gari hauzi chini ya milioni 8, mnunuzi mwisho wake milioni 12. Kwa kanuni ya mapatano ya mwanahisabati Nash (1950), ziada ya milioni 4 inakatwa katikati, bei 10. Sasa muuzaji ana ofa nyingine ya milioni 9. Nimeweka 9 mahali pa 8, nikapata 10.5. Majibu ya zoezi yanasema bei inabaki 10. Kwa nini?

Dalali wa Hesabu: Umechanganya vitu viwili. Nukta ya kutoafikiana, yaani ile namba unayoanzia kuhesabu ziada, ni kile mtu anachopata mkiwa bado mnavutana, si anachopata akiondoka. Ile 8 ni halali kwa sababu mkivutana gari bado analo na analitumia. Wachumi Binmore, Rubinstein na Wolinsky walitenganisha haya mwaka 1986. Kutishia kuondoka kuna nguvu pale tu ofa ya nje inapozidi atakachopata hapa. Nani ataacha 10 akimbilie 9? Ofa ikiwa 11, mnunuzi anapanda hadi 11 basi, wala si 11.5.

Hesabu yako ingekuwa sahihi kama kinachowabana ni hatari ya mazungumzo kuvunjika yenyewe na muuzaji akabaki na ile ofa. Uliza kwanza: presha inatoka kwenye muda au kwenye hatari?

subira_0.9: Na hiyo 10 inadai subira iwe sawa. Kwa Rubinstein (1982), anayetaja bei kwanza anabeba sehemu hii ya ziada: (1 − δ ya mwenzake) ÷ (1 − δ zote mbili zikizidishwa). δ ni kipimo cha subira: ikikaribia 1, mtu hana haraka. Mnunuzi 0.9, muuzaji 0.8, mnunuzi ndiye anaanza: 0.2 ÷ 0.28 = 0.714. Anabeba kama milioni 2.86, bei 9.14. Hapo ofa ya 9 bado haina kazi, ila ya 9.5 ingembana mnunuzi. Wengi hukosea kwa kuweka δ yao juu badala ya ya mwenzao.

mchumi_chipukizi: Nimeelewa, asanteni. Na kama hakuna anayejua mwisho wa mwenzake?

Dalali wa Hesabu: Hapo Nash hakufai. Chatterjee na Samuelson (1983): kila mmoja anaandika bei kwa siri, ya mnunuzi ikifikia ya muuzaji, wanakata katikati. Miisho yao ikiwa popote kati ya 8 na 12 kwa uwezekano sawa, kwenye msawazo wa mstari mnyoofu (kila mmoja anapanga bei kwa mstari mnyoofu kutoka mwisho wake, na hakuna anayefaidika kubadili) wanauziana tu mnunuzi akimzidi muuzaji kwa milioni 1 au zaidi. Pengo la laki saba linapotea bure, maana kila mmoja ametia chumvi. Myerson na Satterthwaite, mwaka huohuo, walithibitisha kuwa hakuna utaratibu wa hiari unaoziba pengo hilo lote bila mtu wa nje kutia hela.