Mrejesho: Fereti wangu kiziwi na uwindaji wa sungura

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kama fereti wangu jike (kamnyama ka jamii ya kicheche, kanakofugwa kufukuza sungura watoke mashimoni na kunasa nyavuni), yule mwenye baka jeupe kuanzia paji la uso hadi kisogoni, bado anafaa kuingizwa kwenye mashimo ya sungura baada ya kugundua kwamba hasikii kabisa.

Aliyesema pua ndiyo inayowinda, si masikio, alipatia. Tumetoka mara 4. Anazama shimoni bila kusita na sungura wanachomoka hadi nyavuni kama kawaida. Kola ya redio mliyonishauri imeniokoa: mara ya 3 alibaki chini na sungura, nikamchimbua kwa kufuata mlio wa kipokezi.

Kilichogoma ni kumwita. Kupiga ardhi kwa kiganja kunamleta tukiwa nyumbani, lakini akiwa shimoni, wapi! Anatoka akitaka mwenyewe. Na msimshike kwa nyuma akiwa hajawaona: kidole gumba changu bado kina matundu mawili. Sasa namnusisha mkono kwanza, ndipo namnyanyua.

Kumzalisha nimeacha, kama mlivyoonya, maana uziwi wa hawa wenye baka hurithiwa. Asanteni sana.